Jinsi ya kulinganisha sayari nne za miamba ukiwa Kigoma: mwongozo kamili kwa mwalimu, mzazi na klabu ya shule

Watu wengi waliopita shule ya msingi wanaweza kuzitaja sayari kwa mpangilio bila kukosea. Waulize kwa nini Zuhura ina joto kuliko Utaridi ilhali iko mbali zaidi na Jua, wanatazamana. Siwalaumu. Tulikaririshwa orodha, na orodha haikuwahi kumjibu mtu swali lolote.

Hapa tutaziweka sayari nne za miamba, yaani Utaridi (vitabu vingi vya shule huiita Zebaki), Zuhura, Dunia na Mirihi, katika jozi. Kila jozi nimeichagua kwa sababu sayari zake mbili zinafanana sana katika jambo moja na kuachana vibaya katika jingine, na ukianza kutafuta sababu ya kuachana huko, sayansi yenyewe inajileta. Nimeandika nikiifikiria Kigoma mjini, yenye ziwa, mlima na stesheni. Aliye Tabora au Kasulu atabadilisha barabara tu. Hesabu ni zilezile.

Vifaa ni vya kawaida: daftari, kamba ya katani, rula, magazeti ya zamani, unga wa muhogo kwa ajili ya gundi, mizani ndogo ya jikoni, jagi lenye alama za mililita, limao, makombe makavu ya konokono, na simu moja. Ukipata darubini ya macho mawili ya kuazima, vizuri. Ukikosa, usiahirishe.

Hatua ya 1: Chora jedwali, uache mstari mmoja wazi

Kishawishi cha kwanza ni kujaza kila kitu kinachopatikana mtandaoni: idadi ya miezi, mwinamo wa mhimili, rangi, hadi jina la aliyeigundua. Usifanye hivyo. Vipimo vinane na kimoja cha kukokotoa wenyewe vinatosha kabisa, na ukizidisha hapo wanafunzi wataanza kunakili badala ya kufikiri.

| Kipimo | Utaridi | Zuhura | Dunia | Mirihi |
|---|---|---|---|---|
| Kipenyo (km) | 4,879 | 12,104 | 12,742 | 6,779 |
| Umbali wa wastani kutoka kwenye Jua (km milioni) | 57.9 | 108.2 | 149.6 | 227.9 |
| Tungamo, yaani kiasi cha maada (Dunia = 1) | 0.0553 | 0.815 | 1 | 0.1074 |
| Msongamano (gramu kwa sentimita ya ujazo) | 5.43 | 5.24 | 5.51 | 3.93 |
| Mwaka (siku za Dunia) | 88 | 225 | 365 | 687 |
| Kutoka adhuhuri hadi adhuhuri | siku 176 | siku 117 | saa 24 | saa 24 na dakika 40 |
| Joto la usoni (nyuzi za Selsiasi) | 430 mchana, -180 usiku | 465 | wastani 15 | wastani -63 |
| Kanieneo ya hewa (Dunia = takriban 1) | karibu sifuri | 92 | 1 | 0.006 |
| Mvutano wa usoni (Dunia = 1) | | | 1 | |

Mstari wa mwisho tumeuacha makusudi. Tutaukokotoa wenyewe katika hatua ya 4, na jibu litakalotoka litawashangaza hata waliozoea kupata alama za juu.

Hatua ya 2: Tengeneza mipira kwa kipimo cha sentimita moja kwa kilomita 1,000

Kipimo hiki nakipenda kuliko vingine vyote kwa sababu hakihitaji kikokotoo. Dunia inakuwa mpira wa sentimita 12.7, Zuhura 12.1, Mirihi 6.8 na Utaridi 4.9. Mwezi wetu, ukitaka kuuongeza, ni sentimita 3.5, nao unakaa karibu mita 3.8 kutoka kwenye mpira wa Dunia.

Kupima kipenyo cha mpira kwa rula ni kazi ya kubahatisha. Pima mzingo. Kata vipande vinne vya kamba: sentimita 40 kwa Dunia, 38 kwa Zuhura, 21.3 kwa Mirihi na 15.3 kwa Utaridi. Funga alama kwenye kila kamba. Kunja gazeti mpaka liwe donge, zungushia vipande vilivyolowekwa kwenye gundi ya unga wa muhogo, pima kwa kamba yake, ongeza tabaka, pima tena. Gundi iwe nzito kama uji wa mgonjwa, ikiwa maji sana karatasi zinateleza. Udongo wa mfinyanzi nao unafaa, ila unanywea ukikauka, na mpira wa Utaridi ukinywea milimita tatu tayari umebadilisha sayari.

Weka mipira ya Dunia na Zuhura mezani bila kuipaka rangi, mwambie mtu aseme ipi ni ipi. Wengi wanakosea. Hiyo ni mojawapo ya jozi zetu, tutairudia katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Tembea umbali wake

Kwa kipimo kilekile, kilomita milioni 100 zinakuwa kilomita moja ya kutembea. Jua linakuwa duara lenye kipenyo cha karibu mita 14. Tafuta uwanja ulio wazi karibu na stesheni ya reli, omba ruhusa kwa wahusika, funga kamba ya mita 7 kwenye kigingi na uchore duara chini kwa chokaa. Kisha shika barabara inayopanda mjini kuelekea mtaa wa Mwanga, ukipima kwa ramani ya simu.

Utaridi unaiweka mita 579 kutoka katikati ya duara. Zuhura mita 1,082. Dunia mita 1,496. Mirihi mita 2,279, na hapo jasho linakuwa limeshatoka kwa sababu ya kilima. Mpira wa sentimita 4.9 uliouacha nyuma hauonekani tena, wala huhitaji maelezo kuhusu utupu wa anga, miguu imeshaelewa. Mshtarii ungekuwa mpira wa mita 1.4 ulio kilomita 7.8 kutoka stesheni, mwendo ambao hakuna darasa litakalokubali kuutembea kwa hiari. Na nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, ingekaa kilomita kama 400,000 kutoka hapo mlipo, umbali unaozidi kidogo ule wa Mwezi wenyewe, huu wa kweli ulioko juu.

Tahadhari moja. Matembezi haya yanazipanga sayari kwenye mstari, na angani hazikai hivyo. Kila moja inazunguka kwa kasi yake, mara nyingi zikiwa pande tofauti za Jua. Waulize wanafunzi: kwa wastani wa muda mrefu, ni sayari gani iko karibu zaidi na Dunia? Wote watasema Zuhura, na kweli Zuhura ndiyo hutukaribia kuliko nyingine. Lakini pia huenda mbali sana, upande wa pili wa Jua. Kwa wastani, jirani yetu wa karibu ni Utaridi, kwa kuwa haibanduki sana kwenye Jua.

Hatua ya 4: Jozi ya Utaridi na Mirihi, au kwa nini ukubwa peke yake unadanganya

Sasa jaza ule mstari wazi. Kanuni ni fupi: chukua tungamo ya sayari ukiilinganisha na Dunia, gawanya kwa kipenyo chake (nacho ukilinganishe na cha Dunia) kilichozidishwa kwa chenyewe.

Kwa Utaridi, 4,879 gawanya kwa 12,742 ni 0.383. Mara yenyewe, 0.147. Kisha 0.0553 gawanya kwa 0.147: karibu 0.38. Kwa Mirihi, 6,779 gawanya kwa 12,742 ni 0.532, mara yenyewe 0.283, na 0.1074 gawanya kwa 0.283 ni karibu 0.38.

Majibu yanalingana. Tungamo ya Mirihi ni karibu maradufu ya ile ya Utaridi, mpira wake ni mkubwa dhahiri, na bado mtu angekuwa na uzito uleule akisimama huku au kule. Fanya na ya Zuhura: inatoka 0.9.

Hapa ndipo mtu huuliza habari za mizani. Mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, niliyemsimulia haya nikisubiri chenji, aliniuliza: "Kwa hiyo mwalimu, nikienda huko na mzigo wangu nitapunjwa?" Nikamjibu, "Inategemea mizani yako, mama." Mizani ya kuning'iniza yenye springi ingesoma gramu 380 kwa kila kilo moja ya dagaa, na angepunjwa kweli. Mizani ya mawe ingebaki kusema kilo moja popote, kwa sababu mawe nayo yanapungua uzito sawa na dagaa. Alicheka, akasema yake ni ya mawe. Mfano huu tumia darasani, unatenganisha tungamo na uzito haraka kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Lakini mvutano umelingana kwa sababu gani? Rudi kwenye msongamano: 5.43 dhidi ya 3.93. Ili namba hizi zipate maana, pima jiwe. Chukua jiwe la kawaida lililokauka, lipime kwenye mizani ya jikoni. Jaza maji kwenye jagi hadi alama unayoijua, lizamishe jiwe polepole, soma maji yamepanda mililita ngapi. Jiwe la gramu 540 litapandisha maji kwa kiasi cha mililita 200. Gawanya, unapata 2.7. Rudia kwa boliti kubwa ya chuma isiyo na kutu: inakaribia 7.8. (Boliti nunua duka la vipuri. Usiwatume watoto relini, hiyo itakuwa kesi.)

Sasa fikirini pamoja. Jiwe ni 2.7, chuma karibu 7.8, Utaridi ni 5.43. Sayari hiyo haiwezi kuwa jiwe tupu; lazima ndani yake kuna chuma kingi mno. Ndivyo ilivyo. Kiini cha Utaridi kinachukua takriban asilimia 85 ya nusu kipenyo chake. Kwenye mpira wako wa sentimita 4.9, tabaka lote la miamba lingekuwa na unene wa milimita nne hivi. Ukitengeneza mpira wa pili na kuukata katikati, chora kiini hicho kwa kalamu nyekundu. Kisha chora cha Mirihi, ambacho kinafika karibu nusu tu ya nusu kipenyo na kimechanganyika na elementi nyepesi kama salfa.

Mwanafunzi mwerevu atapinga: mbona Dunia ina 5.51, zaidi ya Utaridi? Ni swali zuri, usilipite. Dunia ni kubwa kiasi kwamba inajibana yenyewe. Miamba na chuma vya ndani vimeshindiliwa na uzito wa vilivyo juu. Ungeweza kuiondoa shinikizo hiyo, msongamano wa Dunia ungeshuka hadi karibu 4, wakati wa Utaridi ungebaki karibu 5.3. Kwa kipimo cha haki, Utaridi ndiyo yenye chuma kingi kwa ukubwa wake. Kwa nini iwe hivyo bado kunabishaniwa. Nadharia moja inasema zamani ilikuwa kubwa zaidi, ikagongwa na kupoteza sehemu ya miamba yake. Chombo cha angani MESSENGER kiliizunguka kuanzia 2011 hadi 2015, na kemia kilichoikuta usoni pake haikuilainishia mambo nadharia hiyo. Chombo kingine, BepiColombo, kilirushwa 2018, na kuingia kwake kwenye mzunguko wa Utaridi kulipangwa kuwe Novemba 2026.

Kwa anayetaka kukiona chuma cha aina hiyo kwa macho, kipo nchini. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma na nikeli lenye uzito wa zaidi ya tani 10. Chuma kama hicho hufikiriwa kuwa masalia ya kiini cha gimba dogo lililovunjika zamani sana.

Hatua ya 5: Jozi ya Zuhura na Dunia, yenye makubwa zaidi

Hapa pa kukaa muda mrefu. Sayari mbili zenye ukubwa karibu sawa, msongamano karibu sawa, mvutano karibu sawa. Moja ina migomba na migebuka. Nyingine ina joto la kuyeyusha risasi.

Anza na jibu linalotolewa haraka: "Zuhura iko karibu na Jua." Lipimeni kwa hesabu. Zuhura hupokea mwanga wa Jua mara 1.9 ya Dunia. Lakini mawingu yake mazito ya tindikali ya salfa huurudisha angani karibu robo tatu ya mwanga huo, ndiyo maana tunaiona iking'aa vile. Inabakiza robo: 1.9 mara 0.25 ni karibu 0.48. Dunia inarudisha kama asilimia 30 na kubakiza 0.7. Zuhura inameza mwanga wa Jua mdogo kuliko Dunia! Mpe mwanafunzi muda aisome tena hesabu hiyo. Kama mwanga uliomezwa ndio ungekuwa mwamuzi pekee, Zuhura ingekuwa baridi kuliko hapa.

Utaridi nayo inapinga jibu hilo kwa njia nyingine. Iko karibu zaidi na Jua, hupokea mwanga mara 6.7 ya Dunia, na bado haifikii joto la Zuhura. Tena usiku inashuka hadi nyuzi -180 kwa sababu haina hewa ya kuushika ujoto. Zuhura usiku na mchana ni mamoja.

Kinachobaki ni hewa. Hewa ya Zuhura ni asilimia 96.5 hewa ya ukaa, na ni nyingi ajabu: inakandamiza kwa nguvu mara 92 ya hewa yetu. Kwa watu wa Kigoma namba hii haihitaji maabara. Kila mita 10 unayozama ziwani inaongeza kanieneo sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu. Ili ubanwe kama mtu aliyesimama Zuhura, ungelazimika kuzama zaidi ya mita 900 katika Ziwa Tanganyika. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 panapozidi, kwa hiyo mahali pa kufikia kina hicho papo. Vyombo vya Warusi wa enzi ya Sovieti, visivyo na watu, vilitua Zuhura mara kadhaa. Venera 7 ilikuwa ya kwanza, 1970, na Venera 13 ya Machi 1982 ilidumu dakika 127 kabla ya kunyamaza. Ilitengenezwa idumu nusu saa tu, kwa hiyo ilijitahidi.

Swali linalofuata ndilo lenye utamu: hewa ya ukaa ya Dunia iko wapi? Ilikuwepo, na nyingi. Fanya jaribio. Okota makombe makavu ya konokono ufukweni (yaliyo mchangani, msiingie majini kuyatafuta, kichocho hakina adabu). Ponda moja mpaka liwe unga, weka kwenye kisahani, kamulia limao. Subiri, inamisha macho karibu. Utaona vipovu vidogo vikitoka na kusikia sauti hafifu. Vipovu hivyo ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya kombe. Mvua huichukua hewa hiyo kutoka angani, mito kama Malagarasi hubeba madini yaliyoyeyuka, viumbe wa majini hujengea makombe, makombe hulala chini na kuwa mawe ya chokaa. Katika Dunia nzima, hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya mawe ya aina hiyo inakaribia ile yote inayoelea juu ya Zuhura.

Zuhura haikuwa na namna ya kufanya hivyo, au ilikuwa nayo ikaipoteza. Bila maji ya kutiririka mashine hiyo haizunguki, na maji ya Zuhura yalikwisha: mvuke ulipanda juu, mwanga mkali wa Jua ukautenganisha, haidrojeni ikatoroka. Tofauti ya mwanzo kati ya ndugu hawa wawili huenda ilikuwa ndogo. Ikajilimbikiza.

Andika chini ya jedwali kwa maneno ya wanafunzi wenyewe sababu ya 465 kuwa kubwa kuliko 430. Usiwaandikie.

Hatua ya 6: Jozi ya Dunia na Mirihi, kwa kutumia Bonde la Ufa

Ziwa Tanganyika limelala ndani ya ufa. Ardhi upande wa Congo na upande wetu inavutana kutengana, katikati inadidimia, na kazi hiyo haijaisha: tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitokea hapa hapa ziwani. Chukua ramani ya Afrika, pima urefu wa ziwa: karibu kilomita 670.

Mirihi ina ufa wake, Valles Marineris. Una urefu wa takriban kilomita 4,000 na mahali pengine una kina cha kilomita 7. Yaani maziwa kama letu sita, ncha kwa ncha, kwenye sayari yenye kipenyo cha nusu tu ya Dunia. Sayari hiyohiyo ina mlima wa volkeno, Olympus Mons, wenye kimo cha karibu kilomita 22. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ungehitaji kupandana mara tatu na zaidi.

Sayari ndogo imepataje makubwa hivyo? Dunia ina mabamba yanayosogea. Bamba likipita juu ya chanzo cha moto, mlima mmoja unaachwa na mwingine unaanza. Mirihi ganda lake ni kipande kimoja kilichotulia, moto ukapanda mahali palepale kwa muda mrefu mno, ardhi ikavimba, ikapasuka pembeni. Mvutano mdogo wa 0.38 ukaruhusu mlima ukue bila kuzama kwa uzito wake. Hapo tumerudi kwenye mstari tuliokokotoa wenyewe.

Mirihi bado inatikisika kidogo. Chombo InSight kilichotua Novemba 2018 kilisikiliza mitetemo yake hadi mwisho wa 2022, na mtetemo mkubwa kuliko yote, wa Mei 2022, ulikuwa wa 4.7. Ni kwa mitetemo kama hiyo ndipo ukubwa wa kiini cha Mirihi ulipojulikana. Dunia kadhalika: wanasayansi waliutambua moyo wake kwa kusikiliza matetemeko.

Maji nayo yalikuwepo. Chombo Perseverance kilitua Februari 2021 katika kreta (shimo la kugongwa na kimondo) ya Jezero, penye delta iliyoachwa na mto uliokuwa ukiingia ziwani zamani. Kama umewahi kuona namna Malagarasi unavyojigawa kabla ya kuingia Tanganyika, picha za Jezero zitaonekana kama za nyumbani, ila kavu. Mirihi ilipoa mapema, ikapoteza uga wake wa sumaku, na hewa yake ikapeperushwa kidogo kidogo na upepo wa Jua, yaani chembechembe zinazotoka kwenye Jua. Iliyobaki ni chini ya asilimia moja ya yetu. Hata hivyo helikopta ndogo Ingenuity iliruka humo kwa mara ya kwanza Aprili 2021, na ikaendelea kuruka hadi Januari 2024.

Hatua ya 7: Siku na mwaka, kwa kifupi

Weka kiti katikati kiwe Jua. Mtu mmoja awe Utaridi: kila akizunguka kiti mara mbili, awe amejigeuza mwenyewe mara tatu kamili. Akifanya polepole ataona kwamba kutoka kukitazama kiti hadi kukitazama tena imepita miaka yake miwili. Ndiyo hiyo siku 176. Zuhura inajigeuza kinyume, na huko Jua huchomoza magharibi. Mirihi haina vituko; siku yake na mwinamo wake wa nyuzi 25 ni karibu na vyetu, ina majira manne, ila kila moja ni refu karibu maradufu.

Hatua ya 8: Zitazame zenyewe

Tanzania nzima inatumia saa moja, na Kigoma iko magharibi kabisa, kwa hiyo Jua hapa huzama karibu saa 1 jioni, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Panga muda kwa kufuata Jua la Kigoma, usifuate ratiba uliyoikuta imeandikiwa watu wa pwani. Programu ya bure kama Stellarium itakupa ratiba sahihi ukiiwekea Kigoma kama mahali ulipo.

Nyoosha mkono, funga ngumi: upana wake ni takriban nyuzi 10 za anga. Utaridi haizidi nyuzi 28 kutoka kwenye Jua, hivyo usiitafute juu ya ngumi tatu. Zuhura haizidi 47, ngumi tano kasoro. Mirihi haina mpaka huo, inaweza kuwa popote kwenye njia ya Jua hata saa sita usiku.

Utaridi ndiyo inayosumbua, lakini watu wa Kigoma tuna bahati. Karibu na ikweta njia ya sayari husimama wima machweo, kwa hiyo inaonekana kwenye giza zaidi kuliko anavyoiona mtu wa London. Tafuta mahali penye mwinuko panapotazama ziwa, kama nusu saa hivi baada ya machweo. Epuka Julai na Agosti, moshi wa mioto ya nyika unafunika milima ya Congo yote. Jioni safi baada ya mvua ni bora. Na usidanganyike na taa za wavuvi wa dagaa, ambazo giza likiingia hujipanga ziwani kwa wingi. Taa iko chini ya mstari wa upeo, tena inasogea. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika na ziwa huwa giza, ila mwanga wa Mwezi nao huzifunika nyota hafifu. Sayari angavu haziathiriki.

Mirihi isubiri Februari 2027. Tarehe 19 Dunia itakuwa katikati ya Jua na Mirihi, nayo Mirihi itakuwa ikichomoza mashariki wakati Jua linazama ziwani, nyekundu na yenye kung'aa. Mawingu ya masika yakikubali.

Zuhura ichoreni. Inapokuwa nyota ya jioni, mara moja kwa wiki, egemeza viwiko ukutani, itazame kwa darubini ya macho mawili na uchore umbo lake kwenye daftari. Kadiri inavyotukaribia huonekana kubwa zaidi na nyembamba zaidi, hadi inakuwa hilali kamili. Mirihi haifanyi hivyo kamwe, kwa kuwa mzunguko wake uko nje ya wetu. Ongeza mstari wa umbo kwenye jedwali. Anza kuchora Jua likiwa limezama lote nyuma ya milima. Anayenyanyua darubini wakati kipande cha Jua bado kinaonekana anyang'anywe hapo hapo, hata kama ni mwalimu.